Pikipiki ya Maji

Kiswahili kimekipa chombo hiki jina jepesi: pikipiki ya maji. Ukikitazama kwa mbali huoni kosa la jina hilo. Kina kiti kirefu ambacho mtu hukikalia kama anavyokalia farasi, kina mikono miwili ya kushika mbele, injini inanguruma kati ya mapaja, na abiria hukaa nyuma akamkumbatia dereva kiunoni. Mtu aliyekulia Butembo, mji wa mashariki mwa Kongo ambako pikipiki ndiyo teksi, ndiyo lori, na ndiyo gari la wagonjwa mvua ikishaharibu barabara, akikutana nacho ufukweni hahitaji kuoneshwa pa kukaa. Na shida inaanzia hapo. Hoja yangu ni moja: ujuzi wa pikipiki ya nchi kavu, ukihamishwa mzimamzima hadi majini, humdanganya mwenye nao. Kwa hiyo anayekodi pikipiki ya maji kwa nusu saa asihesabu kwamba amekodi mashine. Amekodi mtu wa kumwongoza, na mashine ni nyongeza.

Msomaji ana haki ya kuuliza mtu wa Butembo ataipata wapi bahari au ghuba ya kuendeshea chombo hiki. Butembo imekaa juu ya vilima, karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, jirani kabisa na mstari wa ikweta, na maji yake ni ya mito midogo kama Kimemi, ambayo haibebi hata mtumbwi. Lakini mji huu haujawahi kuishi kwa kutazama vilima vyake tu. Wafanyabiashara wake walizoea zamani kuifuata bidhaa inakotoka, Dubai na Guangzhou, na makontena yao hushushwa Mombasa, yakavuka Kenya na Uganda, yakaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi kabla ya kupanda Beni na Butembo, safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Siku ya kungojea karatasi za forodha ni siku ndefu, na mbele ya hoteli kuna bahari. Nyali, Diani, na Nungwi kule Zanzibar wanakodisha mashine hizi. Dubai wanazipanga kwa misafara ya kuongozwa inayopita mbele ya Burj Al Arab ili mteja apigwe picha. Ama Goma, yenye ghuba halisi ya mji kwenye Ziwa Kivu, iko jirani zaidi, ila vita vimeifanya barabara ya kusini kuwa ndefu kuliko ramani inavyosema. Kwa vyovyote, mtu wa Butembo hukutana na chombo hiki akiwa ugenini, akiwa na muda mchache, na akiwa na mikono iliyokwisha kufundishwa na barabara ya kwao.

Tuanze na kinachotokea chini ya kiti. Pikipiki ya maji haina panga linaloning'inia nje wala bamba la kukatia maji nyuma. Injini huzungusha panga lililofichwa ndani ya bomba. Panga hufyonza maji kutoka chini ya tumbo la chombo na kuyatema nyuma kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba. Ukigeuza mikono ya mbele, unageuza mdomo huo tu. Maji yakitemwa upande wa kushoto, mkia husukumwa kulia na pua ikaelekea kushoto. Kinachogeuza chombo, basi, ni maji yanayotemwa, na maji hayatemwi ila injini ikivutwa. Achia gesi, na utazungusha mikono ile mpaka mwisho wake bila kugeuza chochote. Chombo kitaendelea kuteleza kilikokuwa kikielekea mpaka mwendo uishe wenyewe. Inafaa kukumbuka kwamba neno usukani lilikuwa la bahari kabla halijawa la gari. Mabaharia wa pwani waliita hivyo ubao wa nyuma wa jahazi, ule unaokata maji na kuelekeza chombo maadamu kinakwenda, na madereva wakalikopa baadaye. Leo tumelirudisha majini, tukalibandika juu ya chombo ambacho, kwa maana ya kwanza ya neno, hakina usukani.

Sasa mpandishe juu yake motari, kama Butembo inavyomwita mwendesha pikipiki. Mbuzi akikatiza mbele yake mteremkoni, mikono yake hufanya mambo matatu bila kushauriana na kichwa: huachia gesi, hukamata breki, hugeuza. Juu ya maji, jambo la kwanza linalifuta la tatu, kwa kuwa akishaachia gesi hana tena cha kugeuzia. La pili ni baya zaidi. Kwenye mashine nyingi gesi haizungushwi kwa kiganja. Ni wenzo mdogo unaovutwa kwa vidole vya mkono wa kulia, na umewekwa palepale ambapo pikipiki huweka breki ya mbele. Aliyeshtuka akaukamata kwa nguvu, akidhani anasimama, anaongeza mwendo. Na mwendo wenyewe haulingani na aliouzoea. Pikipiki ya Boxer au TVS inayopanda vilima vya Butembo ina nguvu ya farasi 12 hivi. Pikipiki ya maji ya kukodisha, hata ile ya kawaida, hufika farasi 90 au 100 na kupita, na uzito wake unacheza kwenye kilo 300 kabla hujaweka watu. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, chombo hicho kinakula karibu mita 17 kila sekunde. Sekunde tatu za kushangaa kwa nini hakigeuki ni mita 50, na ndani ya mita 50 za ufukwe wa mji kuna waogeleaji, kuna ngalawa iliyotia nanga, kuna mwenzako mliyekuja naye aliyesimama kujipiga picha.

Wapo watakaosema kwamba ninawadharau mamotari. Mtu anayebeba abiria wawili na gunia la mkaa kwenye utelezi wa udongo mwekundu, asubuhi ya mvua, ana mwili unaojua mizani kuliko mtalii yeyote aliyeshuka kwenye ndege akitoka nchi ya barabara za lami. Hilo ni kweli, na linamsaidia: atakaa vizuri, hataogopa kuinama kwenye kona, jicho lake litasoma mawimbi haraka. Hata historia iko upande wake. Clayton Jacobson II, Mmarekani ambaye katikati ya miaka ya 1960 alianza kuunda chombo cha namna hii, alikuwa mshindani wa mbio za pikipiki za mashambani, na wazo lilimjia kwa sababu alichoka kuanguka juu ya ardhi ngumu. Kampuni ya Bombardier ya Kanada ilitoa Sea-Doo ya kwanza mwaka 1968, ila haikudumu sokoni. Kawasaki ikatoa ya kwake, ya kuendeshwa kwa kusimama, mwaka 1973, na jina la biashara la Kawasaki, Jet Ski, likaenea mpaka likawa jina la vyombo vyote vya aina hiyo. Chombo kilizaliwa, basi, katika kichwa cha mwendesha pikipiki. Lakini mwendesha pikipiki huyo alikaa miaka akikijaribu na kukiunda upya kabla ya kukiuza. Mteja wa ufukweni anapewa dakika mbili. Tena ustadi una tabia moja mbaya: haukubali kungoja. Anayepanda kwa mara ya kwanza bila kujua lolote husikiliza kwa sababu anaogopa, ila mwenye ujuzi wa kitu kinachofanana huitikia kwa kichwa, akili yake ikiwa tayari imeondoka ufukweni.

Kwamba hili si hofu ya mezani kunathibitishwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998 na bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri. Wachunguzi walipitia ajali za pikipiki za maji na wakakuta kwamba sehemu kubwa ya waliokuwa wakiendesha hawakuwa wamepata mafunzo yoyote ya kuendesha chombo cha maji. Walikuta pia jambo ambalo halikuwa likionekana kwenye vyombo vingine vya starehe: watu waliokufa kwa kugonga au kugongwa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa kuzama. Tuizingatie hiyo habari, maana inavuruga mazoea yetu ya kufikiri. Mashariki mwa Kongo, usalama wa majini ukitajwa, kinachokuja akilini ni jile, jaketi okozi. Tuna sababu. Aprili 2019, baada ya mtumbwi wenye injini kuzama kwenye Ziwa Kivu upande wa Kalehe na watu wapatao 150 kukosekana, Rais Tshisekedi alifika huko na kuagiza kwamba abiria wote wa ziwani wavalishwe jile. Agizo lilikuwa sahihi kwa mtumbwi, kwani mtumbwi huua kwa kuzamisha. Juu ya pikipiki ya maji jile ni lazima vilevile, lakini haiongezi mita hata moja kati yako na ngalawa iliyo mbele. Kinachoiongeza ni mtu anayejua mita hizo zinavyoisha.

Pwani ilikuwa na jina la mtu huyo. Rubani, kabla ya kupanda ndege, alikuwa mjuzi wa mlango wa bandari: anajua mwamba uko wapi maji yakijaa na uko wapi yakitoka, na chombo kigeni hakikuingia bila yeye. Nahodha aliyevuka bahari nzima hakuona haya kumwachia rubani mwendo wa mwisho. Kiongozi wa msafara wa pikipiki za maji, akiwa wa kweli, ni rubani wa namna hiyo, na kazi yake huanza chombo kikiwa bado kimefungwa. Humfunga mteja kamba ya usalama mkononi au kwenye jile, ile ambayo ukianguka inachomoka na injini inazimika, kisha anamfanya aichomoe mwenyewe ili asadiki. Humwonesha alama iliyo nyuma ya chombo inayoeleza kigeuzwe upande gani kikipinduka, na jinsi ya kupanda tena kwa nyuma, injini ikiwa imezimwa. Humwambia abiria wa nyuma ashike vizuri, maana maji yanayotemwa yana nguvu ya kumjeruhi vibaya anayeangukia mbele ya ule mdomo. Halafu, na hili ndilo kubwa, anamtoa polepole mahali peupe na kumwambia: sasa achia gesi na ujaribu kukata kona. Mteja akihisi mara moja kwamba chombo hakitii, kwa mwendo wa mtu anayetembea, amejifunza kitu ambacho maelezo ya saa nzima hayawezi kukiingiza mkononi. Baada ya hapo kiongozi hutangulia, hupanga umbali, husoma upepo, na hujua maji ya nani yanaishia wapi.

Hilo la mwisho halifai kupitwa. Agosti 2023 vijana waliotoka Saïdia, Morocco, kwa pikipiki za maji walipotea jioni, mafuta yakawapungukia, wakajikuta kwenye maji ya Algeria. Walinzi wa pwani wakawafyatulia risasi na wawili wakafa. Bahari haina uzio. Ziwa Edward, lililo jirani na Butembo kuliko ziwa jingine lolote kubwa, nalo halina: wavuvi wa Kyavinyonge na Vitshumbi hukamatwa mara kwa mara na doria za Uganda kwa kuvuka mstari ambao hakuna anayeuona, na Julai 2018 askari wa majini wa nchi hizi mbili walirushiana risasi humo ziwani na watu wakafa. Chombo kinachokimbia mita 17 kwa sekunde kinaufikia mpaka kabla dereva hajakumbuka kwamba upo.

Pingamizi lenye uzito kuliko yote ni hili: viongozi wapo, manahodha wapo, na watu wanakufa vilevile. Novemba 24, 2018, boti ya starehe MV Templar ilipinduka kwenye Ziwa Victoria, wilaya ya Mukono, Uganda, ikiwa na kundi la watu waliokuwa kwenye sherehe, na zaidi ya 30 wakafa. Ilikuwa imejaza kupita uwezo wake, haikuwa na leseni, na wengi hawakuvaa majaketi. Oktoba 3, 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wakiiona kutoka ufukweni. Ilikuwa imepakia kupita kiasi, kwa kuwa vita vilifunga barabara na kila mtu alihamia majini. Vyombo vyote viwili vilikuwa na waendeshaji. Kilichokosekana ni mtu mwenye uwezo wa kusema hatuondoki, na neno lake likashika. Hapa hoja yangu lazima ikazwe. Kiongozi anayetangulia mbele na bendera, lakini hana ruhusa ya kumrudisha mteja ufukweni, kumnyima mlevi funguo, au kuvunja safari upepo ukibadilika, hatofautiani na picha ya ukutani. Na ruhusa hiyo haitoki kwenye cheti tu. Inatoka kwenye namna anavyolipwa.

Butembo inalijua jambo hili kuliko mji wenye ghuba. Mamotari wengi hawamiliki pikipiki wanazoendesha. Wamepewa na mwenye mali, na kila jioni, au kila juma, lazima wampelekee kiasi walichopatana, kiwe kimepatikana au hakikupatikana. Kinachobaki ndicho chakula cha nyumbani. Mpango huo umewapa vijana wengi kazi na hauwezi kubezwa. Lakini tazama unavyofanya kazi saa kumi na moja jioni, hesabu ikiwa bado pungufu: abiria wa pili anakubaliwa, kisha wa tatu, mteremko unashukwa kwa kasi, mvua haingojwi. Dereva hajawa mtu mbaya kwa sababu ya jioni. Hesabu imemnyima nafasi ya kukataa. Kiongozi wa pikipiki za maji anayelipwa kwa kila mteja aliyempandisha yuko kwenye mtego huohuo. Akikataa mmoja, amejikata mshahara. Ndiyo maana, kama ningeulizwa kanuni moja tu ya kuandikwa na halmashauri ya mji wowote wenye ufukwe, nisingeanza na idadi ya majaketi. Ningeandika kwamba kiongozi alipwe kwa siku, watoke watu kumi au asitoke hata mmoja.

Watasema basi bei itapanda, na starehe itabaki ya matajiri. Bei itapanda kidogo, ndiyo. Lakini nusu saa ya kukodi si mkate. Hakuna anayelala njaa kwa kukosa kuzunguka ghuba. Anayetaka kupunguza gharama apunguze dakika. Dakika kumi na tano zenye kiongozi, tano kati yake za kujifunza kuachia gesi, zina thamani kuliko nusu saa ya kuzurura peke yako ukibahatisha. Na tuseme ukweli kuhusu kinacholindwa kwa sasa. Katika fukwe nyingi mwenye chombo huchukua pasipoti ya mteja kama dhamana, hukagua chombo pande zote kinaporudi, huhesabu mikwaruzo. Mashine ina mlinzi. Mteja je? Mwenye pikipiki wa Butembo hampi motari mali yake kabla ya kuuliza ni mtoto wa nani, amejifunzia wapi, na nani wa kumdhamini. Huyohuyo, akifika Mombasa, anapanda farasi 100 bila kuulizwa hata kama anajua kuogelea, na haoni ajabu.

Wengine watataja breki. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2009 Sea-Doo ilianza kutoa mashine zenye mfumo wa kusimama na kurudi nyuma, na mifumo ya kusaidia kona baada ya gesi kuachiwa ilitangulia miaka michache. Ni maendeleo mazuri. Ila wenzo wa breki hiyo uko mkono wa kushoto, ambako mkono wa motari umezoea klachi, na si kila mashine inayo. Ufukweni huwezi kuijua iliyo nayo kwa kuitazama rangi. Inabidi umuulize mtu, na hapo tumerudi kwa kiongozi.

Huenda siku moja, amani ikitulia, mtu mwenye mtaji kutoka Butembo akafikiria kuteremsha mashine hizi kwenye Ziwa Edward, pale Ishango mto Semliki unapotoka ziwani, ambako mwaka 1950 ulichimbuliwa mfupa wenye mikato uliolifanya jina la mahali hapo lijulikane duniani. Ningemshauri asithubutu. Upande wa Kongo ziwa hilo limo ndani ya Hifadhi ya Virunga, iliyoundwa mwaka 1925. Lina mazalio ya samaki ambayo wavuvi wenyewe wamekatazwa kuyaingia, na lina viboko, ambao hawahamishi watoto wao kwa sababu ya honi. Huko hata kiongozi mzuri hatoshi.

Kwa hiyo starehe hii itabaki ya ugenini, na ushauri wangu ni kwa yule atakayekuwa Mombasa au Dubai akingojea kontena. Kabla ya kutoa pesa, mwambie mkodishaji akuoneshe, majini na kwa mwendo wa polepole, chombo kinafanya nini ukiachia gesi katikati ya kona. Muulize pia kiongozi analipwa kwa siku au kwa kichwa. Akicheka swali la kwanza na kukwepa la pili, rudisha noti mfukoni, vuka barabara, uagize chai.